Walituchorea chati za kazi, wakakataa kumsikiliza mtunza stoo

Kama mnafikiria kulipa washauri waje kuwachorea chati za mtiririko wa kazi, someni haya kwanza. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam: saruji, nondo, bati, rangi. Mwaka jana, masika yakikaribia, bosi aliamua kila kazi yetu ichorwe, kuanzia oda mpaka malipo, ili mtu mpya akija asome badala ya kuuliza huku na huko. Wazo zuri, niliunga mkono na bado naunga mkono. Waliopewa kazi ndio wameniudhi. Jina lao silitaji.

Nianze na lililoniuma. Mshauri waliyemtuma, kijana mdogo tu, alifika stoo akampita mtunza stoo wetu asimwamkie. Mzee yule anamzidi umri baba yangu, na stoo ile ameishika tangu duka likiwa fremu moja. Ndiye aliyeanza yeye: "Karibu mwanangu," akamvutia kiti. Kijana akafungua kompyuta, akawa anauliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Mzee akamkatiza kwa upole: "Na mzigo ukija pungufu, kwenye mchoro wako tunakwenda wapi?" Akajibiwa: "Mzee, hayo ni mambo madogo madogo. Wewe utaelekezwa mfumo ukikamilika." Nilikuwa nimesimama pale pale. Mzee hakusema neno tena, akarudi kwenye daftari lake. Mimi nilitamani kumtoa yule kijana nje.

Maana swali lile ndilo lilikuwa kazi yenyewe. Kwenye chati ya mtiririko, mstatili ni hatua, mshale ni njia, na umbo la almasi ni swali: ikiwa ndiyo unakwenda huku, ikiwa hapana unakwenda kule. Alama hizo zina kiwango chake cha kimataifa, ISO 5807 cha mwaka 1985. Mistatili anaweza kuichora yeyote. Tunacholipia ni almasi, kwa sababu hapo ndipo mfanyakazi anaposimama asijue afanye nini. Chati yetu ya kupokea mzigo ilikuja na mistatili mitupu: lori limefika, saini delivari noti (karatasi ya mzigo anayokuja nayo dereva), ingiza stoo, peleka ankara kwa mhasibu, lipa. Almasi hata moja hakuna. Rangi za kuvutia, nembo yao kila ukurasa.

Haikuchukua muda. Likaja lori la saruji, tani 30, yaani mifuko 600 ya kilo 50 kwa mujibu wa delivari noti. Mzee alikuwa msibani. Stoo ilikuwa chini ya kijana tuliyemwajiri karibuni, naye alifanya alichoambiwa: alifuata chati iliyobandikwa ukutani. Akasaini, mzigo ukashushwa, dereva akaondoka. Kuja kuhesabu, mifuko 40 haipo, na mingine imeganda kama jiwe. Angekuwepo mzee, upungufu ungeandikwa kwenye delivari noti ile ile, dereva angesaini chini yake kabla ya kuwasha gari, na mimi nisingelipa mpaka msambazaji alete krediti noti, yaani hati ya kutupunguzia deni kwa kilichopungua. Njia hiyo tunaitumia miaka yote, ila kwenye mchoro haikuwemo. Msambazaji akatuonyesha saini yetu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilishatoka kwa mifuko 600, VAT ya asilimia 18 imehesabiwa juu ya mifuko 600, na mimi ndiye niliyebaki na barua na simu za kuomba hesabu zirekebishwe. Kijana wetu simlaumu hata kidogo.

Kuna jambo jingine linanichemsha damu kila nikilikumbuka. Siku ya kujitambulisha walituwekea slaidi za Frank na Lillian Gilbreth, waliowasilisha chati za mchakato mbele ya ASME, chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, mwaka 1921. Sawa. Lakini Frank Gilbreth alianza maisha ya kazi akijenga kwa matofali, na jina lake lilikua kwa kumtazama fundi anavyoinama, anavyookota tofali, anavyoligeuza, mpaka akazipunguza zile harakati kutoka 18 hadi tano hivi kwa kila tofali. Yeye na mkewe walipiga hata filamu za watu wakiwa kazini. Utamtajaje mtu wa namna hiyo mbele ya wauza saruji, kisha ukatae kumsikiliza anayeipokea saruji?

Hapo nilishaamua kuandika kwamba chati hizi ni kutupa pesa. Siwezi kuandika hivyo. Baada ya lile lori, mimi na mzee tulichukua karatasi ya manila tukaigawa kwa mistari: sehemu ya stoo, ya ununuzi, ya uhasibu, ya dereva wa msambazaji. Nikamwomba anisimulie mzigo mmoja tangu lori linapopiga honi getini. Almasi zikaanza kutoka zenyewe. Hesabu imetimia? Kuna mifuko iliyoganda? Nondo ni za milimita 12 kama LPO, yaani oda yetu ya maandishi, inavyosema? Bati ni geji 28, au wameleta 30, ambayo ni nyembamba zaidi? Katika kuchora nikagundua fomu ya kuthibitisha bei inapita mezani kwangu mara mbili kwa mzigo ule ule, na hakuna aliyeweza kunieleza sababu. Tukaondoa moja. Jamani, nilifurahi! Vijana wa stoo sasa wanabishana wenyewe mbele ya ile manila, wanapata jibu, ndipo wanakuja kwangu na karatasi zilizokamilika. Chati yenyewe naipa nyota tano.

Nikaona basi hata washauri niwape mbili, maana bila wao bosi asingelianzisha jambo hili. Nikawaandikia kuomba faili la kuhariri ili niingize almasi zetu, kwani walichotukabidhi ni PDF isiyobadilishika. Wakajibu kwamba faili la asili ni mali yao, na kila marekebisho yana gharama yake. Kazi ni yetu, maelezo tumewapa sisi, pengo wameliacha wao, halafu mali ni yao! Hapana. Hizo mbili nazirudisha, hawapati hata nusu.

Mkiita wengine, wapelekeni stoo asubuhi mzigo unaposhuka, kabla hawajafungua kompyuta, na mkataba useme wazi kwamba faili la kuhariri ni lenu. Malipo yao ya awamu ya mwisho hayajatoka. Hati iko kwangu na bosi ameshaniuliza zaidi ya mara moja. Sisaini mpaka faili lije, na yule kijana arudi stoo amwombe mzee radhi.