Uzoefu wangu na kete za Yunzi za mchezo wa weiqi: kete nzuri mno, ubao sikuupenda

Tangu nije kusoma Kunming, China, nimenaswa na weiqi, mchezo wa ubaoni wa kete nyeusi na nyeupe ambao wengi wanaujua kwa jina la Kijapani, go. Bahati nzuri kete za Yunzi zinatengenezwa mkoa huu huu wa Yunnan. Nilinunua seti nzima kwa yuan 200 na ushei: kete nyeusi 181, nyeupe 180, bakuli mbili na ubao wa kukunja.

Kete ndizo zinazostahili pesa. Ni nzito, zina ubaridi mkononi, na ukiishusha moja ubaoni inatoa mlio mkavu ambao plastiki haiwezi kuutoa. Nyeupe haimeti, ina rangi ya maziwa yenye ukijani wa mbali. Nyeusi ishike dirishani uitazame kwenye mwanga: kingo zake zinageuka kijani. Ufundi wake ulipotea kwa muda, ukafufuliwa karne ya 20. Upande mmoja ni bapa, na kwa anayejifunza hilo ni jema kuliko zile za Kijapani zilizobinuka pande zote. Mkiurudia mchezo kuujadili, kete za majaribio mnazigeuza, kisha mnajua zipi za kuondoa.

Aliyezoea bao atashangaa, maana hapa kete ikishawekwa haihami. Inakaa pale mistari inapokutana, 19 kwa 19, na hutolewa tu ikizingirwa kabisa. Kwa sheria chache hivyo Wachina wamecheza zaidi ya miaka 2,500. Hata mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, yanautaja. Kilichoutangaza upya duniani ni Seoul, Machi 2016, programu ya kompyuta ya AlphaGo ilipomfunga Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, michezo 4 kwa 1. Mimi napenda ule mmoja alioshinda Lee. Hatua ya 78 alipenyeza kete nyeupe katikati ya ngome ya nyeusi, mashine ikavurugika. Huwa naupanga mchezo huo ubaoni na kukaa nao muda mrefu. Leo programu kama KataGo ni ya bure, na mwanafunzi yeyote anaweza kukaguliwa makosa yake nyumbani. Huku China, watoto wanapelekwa madarasa ya weiqi wikendi na kufanya mitihani ya madaraja.

Sasa ubao. Mkunjo unapita katikati kabisa, kwenye mstari wa 10, kwa hiyo kete zinayumba mahali penye vita kali. Muuzaji alikataa kunibadilishia, na hilo liliniudhi. Bakuli ni za kawaida tu.

Ushauri wangu: nunua kete peke yake, ubao tafuta wa kipande kimoja. Kama ndiyo unaanza, chora mistari 9 kwa 9 kwenye kadibodi. Mchezo unaisha ndani ya nusu saa, na kete zilezile zitakufaa ukihamia ubao mkubwa.