Jenereta ya kontena la Tanga: marekebisho ya bure, nyota nne

Nimeinunua dola 250 hapa Columbus, Ohio, kwa mzee aliyekuwa anahama na kutandaza vitu vyake uani. Ukivuta kamba mara moja tu, imewaka. Mjomba wa Pongwe, kule Tanga, nilikuwa nimeshamwahidi: kontena likijaa, inakuja, soda zako hazitachemka tena umeme ukikatika.

Naifuta vumbi niipige picha, nikaona kibandiko ubavuni: namba ya modeli na namba ya mashine. Nikaziangalia kwenye tovuti ya CPSC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa. Imo kwenye orodha ya bidhaa zilizotangazwa kuwa na kasoro! Mpira wa petroli unaweza kuvuja, moto ukashika. Simlaumu yule mzee. Barua za kutangaza kasoro humfuata aliyenunua dukani na kujiandikisha. Sisi wa mkono wa pili hatujulikani.

Na usiseme "mbona yangu inanguruma vizuri". Julai 2021 Generac, kampuni ya kutengeneza jenereta, walitangaza kasoro kwenye jenereta zaidi ya 320,000, na injini zilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa kwenye mkono wa kuikokotea mashine: usipofungwa, unabana vidole kwenye fremu. Majeruhi walioripotiwa hadi siku hiyo walikuwa 8, na 7 walikatika vidole.

Haya, huduma yenyewe. Simu ya kiwandani nilishikilia dakika 40 nasikiliza muziki. Walitaka zile namba mbili tu, risiti hawakuuliza, wakanielekeza kwa fundi wao. Dada wa mapokezi alinionya nisipeleke mashine ina mafuta, basi nikasubiri injini ipoe, nikayatoa nje ya nyumba, mbali na moto. Waliniambia wiki moja. Zikawa tatu, kipuri hakijafika, na hakuna aliyenipigia mpaka nipige mimi. Nyota moja imepotelea hapo. Lakini fundi alipomaliza aliniita, akanionyesha mpira mpya na kibano chake, akaiwasha mbele yangu, akabandika karatasi ya kijani. Sikutoa hata senti.

Rafiki yangu alinishauri niiuze hivyo hivyo. Sheria ya hapa ya mwaka 2008 inakataza kuuza kitu kilichotangazwa kuwa na kasoro kabla hakijarekebishwa, na hata isingekataza, ningemuuzia nani bomu lile?

Wenzangu mnaotuma mizigo nyumbani, someni kibandiko kabla hamjalipia nafasi kwenye kontena. Ikishavuka bahari, fundi wa Pongwe hana kile kipuri. Angeufunga ule mpira kwa tyubu ya baiskeli na waya, mjomba akashukuru.

Imefika wiki iliyopita. Mjomba kanitumia sauti WhatsApp anauliza hiyo karatasi ya kijani aibandue, inaharibu sura. Nimemwambia, "Shikamoo mjomba, iache hapo hapo."