Ziara ya Mkomani, Kengeleni na Rabai: Dakika Kumi Hazitoshi

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu saba katika ziara ya siku moja inayoandaliwa na kampuni moja ya hapa Mombasa, kwa shilingi 4,000 kila mtu, chakula cha mchana kikiwemo. Huanzia Mkomani, penye kaburi la Rosine, mkewe mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefariki pamoja na mtoto wao mchanga Julai 1844. Mwongozaji alisimulia bila haraka, huku akitunyooshea mkono ng'ambo ya maji kulikokuwa na makao yao.

Kengeleni ndiko nilikoudhika. Mimi hupita pale kila siku kwa matatu, na nilitaka hatimaye kuelezwa habari za ule mnara wa kengele ambao kivuli chake sasa ni mapumziko ya madereva wa tuktuk. Tulipewa dakika kumi za kupiga picha. Tuliambiwa kwamba Frere Town, mtaa wa hapo Kengeleni, ilipewa jina la Mwingereza Bartle Frere, ambaye ujumbe wake Unguja ulitangulia mkataba wa 1873 wa Sultan Barghash wa kukomesha biashara ya watumwa, basi. Watumwa waliookolewa majahazini wakaletwa kuishi hapo hawakutajwa, wala Wabombei, yaani Waafrika waliokombolewa, wakasomeshwa India na kurudi pwani wakiwa walimu na mafundi. Nilipouliza, kijana anayetuongoza alitabasamu kwa adabu akasema, "Mama, hilo halimo katika mpango wa leo." Mji uliojengwa na watu hao utaelezwaje bila wao?

Rabai ilinituliza. Mtunzaji wa makumbusho alitutembeza katika nyumba za Krapf na mmishonari mwenzake Rebmann, akasisitiza kwamba wageni hao walikaa kwa idhini ya wazee wa Kirabai, ambao kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Kilichonishika zaidi ni habari za Rebmann, aliyefika 1846 na kuondoka 1875 akiwa kipofu, yeye aliyeuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji mwaka 1848 na kubishiwa huko Ulaya.

Wali wa nazi ulifika umepoa. Ningeipa ziara nyota tatu na nusu. Atakayekwenda avae viatu vya kutembelea, na Kengeleni arudi mwenyewe siku nyingine.