Kutoka Elie hadi Anstruther kwa miguu, pamoja na watoto

Njia ya Pwani ya Fife, mashariki mwa Uskoti, ina urefu wa kilomita zipatazo 187 kuanzia Kincardine hadi Newburgh, lakini familia yenye watoto haina haja ya kuuhangaikia urefu huo, kwani uhondo wake mwingi umo katika kilomita kama kumi zinazoviunganisha vijiji vya Elie, St Monans, Pittenweem na Anstruther. Tulikuwa watu wazima wawili na watoto watatu, mdogo wao akiwa na umri wa miaka mitano, na tulitumia siku nzima.

Kinachokifanya kipande hiki kiwafae watoto ni ukaribu wa vijiji vyake. Reli iliyokuwa ikivihudumia ilifungwa mwaka 1965, ila mabasi yaendayo kati ya Leven na St Andrews hupita humo, na tangu mwaka 2024 treni kutoka Edinburgh zinafika tena Leven. Kwa hiyo mtoto akichoka St Monans, safari inaweza kukomea hapo bila mtu kulazimika kurudi nyuma kulifuata gari. Nashauri kuanzia Elie, kwa kuwa upepo wa huko mara nyingi huvuma kutoka magharibi, na ni afadhali ukusukume mgongoni kuliko ukupige usoni.

Muda mfupi baada ya kuanza utaukuta Mnara wa Lady, uliojengwa katika karne ya 18 ili Lady Janet Anstruther apate pa kubadilishia nguo alipokwenda kuoga baharini. Wetu waliuchungulia kila dirisha na hawakutaka kuondoka. Baada ya hapo njia hupita magofu ya ngome za Ardross na Newark, kisha huteremka hadi kanisa la St Monans, lililojengwa katika karne ya 14 karibu kabisa na maji. Hapo ndipo penye kuhitaji hadhari: bahari ikijaa, sehemu ya chini haipitiki vizuri, na hulazimu kuzunguka kwa juu. Angalieni saa za kupwa na kujaa kabla ya kutoka nyumbani, hasa siku za bamvua.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni kinu cha upepo kilicho nje kidogo ya St Monans. Kilisukuma maji ya bahari hadi kwenye masufuria makubwa yaliyochemshwa kwa moto wa makaa ya mawe mpaka chumvi ikabaki, na vilima vidogo vilivyoota majani chini yake ni mabaki ya nyumba za kuchemshia. Mtoto akielezwa hayo papo hapo huelewa mara moja, na wetu walianza kuonja maji ya bahari ili kuhakikisha.

Pittenweem tulipita haraka. Bandari yake bado ni ya wavuvi, na ni nzuri kuitazama, lakini mkahawa mmoja njiani, ambao sitautaja, ulikuwa umefunga mapema kuliko ilivyoandikwa mlangoni, nasi tulikuwa tumeutegemea kwa chai na choo. Bebeni maji na vitafunio vyenu.

Kasoro ya njia yenyewe ni kwamba kigari cha mtoto hakifai: zipo ngazi, mawe, na matope baada ya mvua. Pia msiichanganye na Njia ya Minyororo iliyo magharibi mwa Elie, ambako mtu hupanda miamba akishika minyororo ya chuma, tena wakati wa maji kupwa tu. Huko sikuwapeleka watoto wadogo na sitawapeleka.

Anstruther ina Makumbusho ya Uvuvi ya Uskoti, kimbilio zuri ukungu wa bahari unapotanda, na samaki wa kukaanga kwa chipsi, ambao tuliwala ukutani mwa bandari huku shakwe wakitunyemelea. Kutoka bandarini hapo boti huenda Kisiwa cha May, ambako maelfu ya pafini, wale ndege wenye mdomo wa rangi kali, huzaliana kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzoni mwa Agosti. Sisi tulifika Septemba, wakiwa wamekwisha kuondoka. Mwenye kuwataka aende Juni, na aweke nafasi ya boti mapema.