AC au DC? Kabla hujatoa hela ya mashine ya kuchomelea, pima volti za holda

Mwezi wa pili nilipata kazi ya stendi ya tangi la maji la lita 5,000, kimo mita 4. Maji peke yake ni tani 5, na chini ya stendi ndipo watoto wa mwenye nyumba wanapochezea. Nikasema hii siichomelei kwa rodi za 6013 ninazotumia kwenye magrili, hii ni kazi ya 7018, rodi ya viungo vinavyobeba mzigo. Transfoma yangu ya AC (umeme unaogeuka upande mara kwa mara) haielewani na 7018, kwa hiyo nikaenda Kariakoo nikanunua inveta, mashine nyepesi ya kielektroniki, ya DC (umeme wa upande mmoja), kwa shilingi 260,000. Ubavuni imeandikwa 400 kwa tarakimu kubwa, yaani ampea 400.

Rodi ya kwanza ikanata. Ya pili ikanata. Ya tatu ikawaka, ikatembea kama sentimita mbili, ikazima. Nikapandisha ampea, rodi ikaiva nyekundu mkononi bila kuyeyusha chuma. Siku mbili nzima nilikuwa nasaga matundu kwa grainda, kila mahali moto ulipokatikia. Jioni ya pili nikachukua mita, ncha moja kwenye holda (kishikio cha rodi), nyingine kwenye kibano cha ethi (kinachobana chuma), mashine imewashwa na hakuna anayechomelea. Mita ikasoma volti 54. Tatizo nilikuwa nalo mkononi na sikuwahi kulipima.

Wengi mnaoniandikia mnauliza, "Dada, ninunue AC au DC?" Jibu langu ni DC. Lakini kabla ya AC na DC kuna hizo volti, nami naziita volti za kabla ya moto: zile zinazongoja kwenye holda kabla rodi haijagusa chuma. Ndizo zinazowasha moto na kuuokoa unapotaka kukatika. Uzito, ukubwa na urefu wa nyaya utaviona mwenyewe dukani. Hizi huzioni, na sijawahi kusikia muuzaji akizitaja.

Umeme wetu wa AC una mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake mkondo unashuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde. Kila unaposhuka, moto unataka kufa na lazima uwake upya. Ndiyo maana rodi za AC hutiwa potasiamu kwenye gamba lake, kama 6011 na 6013. Potasiamu huushikilia moto. 6010 haina, ndiyo maana inataka DC. 7018 inayo, lakini bado ni ngumu kuwasha: soma pakiti, nyingi zinadai volti 65 au 70 kabla ya moto. DC haishuki sifuri, moto wake umetulia, na unaweza kubadili upande: holda kwenye chanya kwa 7018, holda kwenye hasi kwa 6013 juu ya bati jembamba lisitoboke. Ila DC yenye volti 54 kwenye kazi ya 7018 itakuumiza kama ilivyoniumiza mimi.

Sasa mpangilio wangu wa mashine, nikianza na bora.

Namba moja, na sifichi upendeleo, ni Kemppi, kampuni ya Finland, hasa inveta yao ya DC, MinarcEvo 180. Hawa ndio waliotoa inveta ya kwanza ya kuchomelea kibiashara, Hilarc 250, mwaka 1977, na kazi yao inaonyesha wanaijua. Volti za kabla ya moto ni 90. Inakubali umeme wa 230 ukipanda au kushuka kwa asilimia 15, yaani hadi volti 195 hivi. Kwetu saa moja jioni, majirani wote wakiwasha pasi na friji, mita yangu imewahi kusoma 198. Mashine haifiki kilo 6. Nimeichomelea kwa siku tatu kwenye karakana ya rafiki yangu, 7018 ya milimita 3.2, rodi moja haikunata. Bei yake ni nzito na kuipata lazima uagize. Mimi nadunduliza, na nitaisubiri.

Namba mbili, na hapa wengi watanibishia, ni transfoma ya AC inayosukwa na mafundi wetu kwa waya wa shaba. Kwa mageti, madirisha na toroli kwa 6013 inatosha kabisa. Ikiungua inasukwa upya mtaani. Kwenye kona za chuma kinene, ambako moto wa DC hupeperushwa na usumaku ukakataa kwenda unakoutaka, AC inapita bila shida. Mwambie fundi akupimie volti mbele yako. Zikiwa chini ya 60 kuwasha kutakuwa kazi. Zikizidi 80 mwambie apunguze misokoto ya upande wa holda, maana 80 ndiyo kikomo cha AC katika viwango vya kimataifa kwa mahali pakavu pa kawaida, na ukiwa na jasho au umesimama kwenye maji AC inaua haraka kuliko DC. Usinunue ya waya wa alumini kwa bei ya shaba. Kwaruza ncha ya waya uone rangi.

Namba tatu ni zile kubwa zinazotoa AC na DC zote. Nzuri, lakini nzito na zinakula umeme. Labda uwe na karakana kubwa.

Inveta za bei ya chini zinafaa kwa 6013 ya milimita 2.5. Basi.

Kinachoniuma ni ile 400. Kuchomelea kwa ampea 400, moto wenyewe unataka volti kama 36. Zidisha: wati 14,400. Kwa umeme wa 230 hiyo ni zaidi ya ampea 62 kutoka ukutani, bila kuhesabu zinazopotea njiani. Yangu ilikuja na plagi ya ampea 13, ambayo mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Nilirudi dukani na hesabu hiyo kwenye karatasi. Nikaonyeshwa risiti: bidhaa ikishatoka hairudi. Nilipouliza kwa nini hawakuniruhusu kuijaribu kabla ya kulipa, nikaambiwa wateja wengine hawasumbui hivyo. Laki mbili na sitini ni magrili manne ya mtu mwenye familia.

Kwa hiyo nenda na mita yako. Omba mashine iwashwe, weka mita kwenye DC au AC kulingana na mashine, gusa holda na ethi kwa ncha za mita, usiguse kwa vidole. Ukiona namba ndogo sana, kama 12 au 30, usiikatae papo hapo; huenda ina VRD, kinga inayoshusha volti hadi rodi iguse chuma. Hapo geuza nyuma, tafuta U0 kwenye kibao, ndiyo alama ya volti za kabla ya moto. Kama kibao hakina U0, rudisha mashine mezani.

Na kama umeshanunua ya 54 kama yangu, usiitupe. Kausha 6013 zako juani, tumia kebo fupi ya umeme, ifanyie magrili. Stendi ya tangi niliimalizia kwa mashine ya kukodi, 7018 kila kiungo.