Turbo haijazi upepo: mashine ya kusoma au hewa ya kompresa?

Lori likikosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi wengi wanakimbilia kuchomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na kweli ni haraka, inakuonyesha presha ya upepo gari likivuta mzigo, halafu ukifungua swichi bila kupiga injini sensa ya presha ya upepo inatakiwa isome karibu 100 kPa (sehemu za juu inapungua), ikisoma tofauti sana anza na sensa kabla hujafungua turbo bure. Ila mashine haikuonyeshi tundu linalovujisha upepo! Mi naona kompresa ndo mpango: ziba mdomo wa turbo wa kuingizia hewa, jaza hewa taratibu psi 20 hivi, mwagia maji ya sabuni kwenye mipira, klampu na kona za intakula (rejeta ya kupoza upepo wa turbo), povu likitoka hapo ndo penyewe. Eksozi ikivuja kabla ya turbo mashine na kompresa zote mbili hazikuonyeshi palipo, angalia masizi kwenye manifodi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini).