Vitu vya stoo kwa resipi za zamani: kipi ununue kwanza, kipi uchanganye mwenyewe

Jamani kama na wewe umeanza kupika kwa resipi za zamani, zile za kwenye madaftari yenye madoa ya mafuta, utakuwa umeshakutana na vitu kama "maziwa yaliyochacha kikombe kimoja" au "hamira kipande kimoja" ukabaki unajiuliza hicho kipande kina ukubwa gani. Mi nilishanunua karibu kila kitu, vingine vikanifia kabatini, kwa hiyo napanga kuanzia cha kununua kesho mpaka cha kuacha hukohuko dukani.

Namba moja ni beking pauda, ila kopo DOGO. Narudia, dogo. Mimi niliona kopo kubwa linatoka rahisi nikasema hapa nimewapata, nikalibeba. Miezi ikapita, siku moja nikaoka keki ikatoka imelala kama kandambili, nikalaumu oveni, nikalaumu mayai, kumbe kopo lilishakufa zamani maana nilikuwa nalifungua juu ya sufuria linalochemka na kijiko chenye unyevu. Beking pauda ni magadi ya kuokea (yaani beking soda) na asidi kavu vimekaa pamoja na wanga wa kuvitenganisha, unyevu ukiingia vinaanza kazi yao humohumo koponi, kwako vinafika vimeshachoka. Kupima ni rahisi: nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto, ikitoa povu kwa kelele iko hai, ikinung'unika tu tupa. Halafu soma kopo, zipo zenye aluminiamu ambazo watu wengine ulimi wao unasikia ladha ya chuma, mimi ni mmoja wao, kwa hiyo natafuta isiyo nayo.

Ya pili ni beking soda tupu. Hii ni rahisi na inakaa sana, na resipi nyingi za zamani ndo zinaitegemea. Ukikuta neno "saleratus" kwenye kitabu cha kizee usihangaike kulitafuta madukani, weka beking soda hiyohiyo. Ila soda haina asidi yake, inataka mwenzake: maziwa yaliyochacha, ndimu, siki, asali. Ndo maana zile resipi zinadai maziwa yaliyochacha, siyo kwamba bibi alipenda uchachu. Huna? Kikombe kimoja cha maziwa na kijiko cha mezani cha siki au ndimu, subiri dakika kumi, yakishaanza kukatika unaendelea. Ukiweka soda bila asidi keki inakuwa na ladha ya sabuni, hakuna namna ya kuificha, hata sukari haisaidii.

Tatu hamira, na hapa nasimama kidogo maana watu wanachanganya sana. Ziko tatu. Ile mbichi ya kipande ndo resipi za zamani zinaisema, ni nzuri lakini kwenye friji inakaa wiki mbili hivi basi, kama huoki kila siku utaishia kuitupa. Ile kavu ya chenga unailoweka kwanza kwenye maji ya vuguvugu mpaka itoe povu. Halafu ile laini unayomwaga moja kwa moja kwenye unga, hii ndo ninayokushauri, pakiti ndogondogo zilizofungwa, na ukishafungua weka friji. Kipande kidogo cha gramu 17 ni sawa na pakiti ya gramu 7, andika hiyo ukutani kabisa.

Nne maziwa ya unga. Kwa ajili ya kuchanganya mwenyewe chukua yasiyo na mafuta, maana yale yenye mafuta yanaanza kunuka mapema, na kwenye mikisi ya stoo huwezi jua yamenuka mpaka umeshakaanga.

Sasa hapo ukiwa na vitu hivyo, mikisi ya pankeki unajitengenezea: unga vikombe 3, maziwa ya unga nusu kikombe, sukari vijiko vya mezani 3, beking pauda vijiko vya mezani 2, chumvi kijiko cha chai. Chekecha mara mbili, tia kwenye chupa kavu (kavu kweli, siyo ile uliyofuta na kitambaa kibichi), andika tarehe. Asubuhi unachota kikombe kimoja, yai moja, mafuta kijiko cha mezani, maji unaongeza kidogokidogo mpaka uone uzito unaoutaka, kwisha.

Tano krimu ya tata, ule unga mweupe mchachu unaotokana na kutengeneza divai. Nunua kama unapiga sana ute wa mayai, au kama unataka kujitengenezea beking pauda, soda sehemu moja na krimu ya tata sehemu mbili, ukiweka stoo ongeza wanga wa mahindi sehemu moja. Inakaa miaka. Lakini siyo lazima.

Sita amonia ya kuokea, ambayo zamani ilitolewa kwenye pembe za kulungu huko Ulaya. Inafanya biskuti nyembamba ziwe kavu na za kuvunjika vizuri, ila usithubutu kwenye keki nene, harufu inabaki ndani na ni harufu ya choo kabisa, samahani. Nunua tu kama resipi yenyewe imeitaja.

Mkiani kuna unga uliotiwa beking pauda tayari. Siyo mbaya, Henry Jones wa Bristol alipata hataza yake mwaka 1845 na mabaharia ilikuwa inawasaidia, ila ukikaa sana nguvu inapungua na huwezi kuutumia kwa mkate wa hamira. Kikombe cha unga wa kawaida, beking pauda kijiko cha chai na nusu, chumvi robo kijiko, umeshaupata.

Na boksi la pankeki la dukani sijalipa hata namba, geuza nyuma usome viungo, ni vilevile ulivyovichekecha hapo juu plas ladha ya vanila.